Kuta za Thimlich Ohinga

Ukisafiri kutoka mji wa Migori kuelekea kaskazini-magharibi, mwendo wa kilometa 46 hivi, utafika Thimlich Ohinga. Neno ohinga, kwa Kijaluo, ni boma. Na mahali hapo utaona maboma ya mawe yaliyosimama tangu karne ya 16 au kabla yake, bila udongo wala chokaa baina ya jiwe na jiwe. Kuta zake zina kimo cha meta moja na nusu hadi meta nne na nusu. Zasimamaje?

Yatazame mawe kwa makini. Hayakuchongwa, yaliokotwa kama yalivyokuwa, makubwa kwa madogo. Kila ukuta una uso wa nje na uso wa ndani, na katikati yamejazwa mawe madogo yanayozifunga nyuso hizo mbili. Mjenzi alikuwa na hiari ya kuchagua jiwe lake, walakini hakuwa na hiari ya kuliweka apendavyo. Aliyelipachika pasipo kuangalia mawe ya jirani aliuhatarisha ukuta mzima, pamoja na watu na ng'ombe waliolala nyuma yake. Milango ilifanywa mifupi, ikafunikwa kwa mawe marefu, hata mgeni asiweze kuingia ila kwa kuinama. Adui aliyeinama hutanguliza kichwa!

Lakini la kustaajabisha zaidi ni hili: wajenzi hao hawakuwa wa kizazi kimoja, wala wa lugha moja. Wabantu na Waniloti walikaa hapo kwa nyakati mbalimbali, hawa wakihama, wale wakifika. Na kila waliofika walitengeneza palipobomoka na kuongeza walipohitaji, kwa namna ile ile. Mwalimu wao alikuwa ukuta wenyewe. Ndiyo maana maboma makubwa manne, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, yafanana kama ndugu.

Wakazi wa mwisho waliondoka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na miti ikaanza kuota ndani. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza maboma haya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Fundi anayeyatengeneza leo huenda akatamani saruji, kwa kuwa ni rahisi. Lakini saruji huzuia maji yaliyozoea kupenya kati ya mawe, na ukuta ukishikwa kwa ugumu hauwezi kujongea kidogo ardhi inapojongea. Basi yampasa aliokote jiwe lililoanguka, aligeuzegeuze mkononi, na atafute mahali litakaposhikana na mengine.