Machachari na Mpaka wa Gitanga Road

Ukitaka kujua mtu wa Nairobi alikulia miaka gani, usimuulize umri. Muulize jioni alikuwa anacheki nini. Wazazi wetu watakutajia Vitimbi na Vioja Mahakamani za KBC. Mashangazi watakuambia Tausi. Sisi tuliokuwa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2010 tuna jibu moja tu: Machachari.

Ilikuwa Citizen. Wakubwa walikuwepo, lakini hadithi ilikuwa ya watoto: Baha, Govi, Almasi, Stella. Hakukuwa na joka, wala meli, wala hazina iliyozikwa kisiwani. Safari kubwa ilikuwa kutoka mtaa wa mabati hadi mtaa wa mageti, kisha kurudi nyumbani kabla Mama Baha hajaanza kufoka. Watoto wa maskini na watoto wa matajiri walipanga njama pamoja, wakakosana, wakapatana. Basi. Na hiyo ilitosha kunyamazisha ploti nzima.

Sisi wa Kawangware hatukuhitaji kuchorewa ramani. Ukifuata Gitanga Road kutoka Valley Arcade kuja kwetu, jiji linabadilika kabla hujachoka miguu. Miti inapungua, ua la maua linakuwa ukuta, ukuta unakuwa mabati, halafu unasikia makanga wa 46 wakiita abiria. Mathe alikuwa anafulia watu nguo Lavington, na likizo ikifika alienda na mimi kwa sababu hakuna wa kuniangalia. Getini soja aliuliza, "Na huyu?" Mathe alijibu, "Ni wangu, hatasumbua." Kwa hivyo kazi yangu siku nzima ilikuwa hiyo: kutosumbua.

Siku moja mtoto wa pale alikuja mlango wa nyuma, akaniangalia, akaniuliza kama nilicheki Machachari. Nilikuwa nimecheki. Tulibishana kama dakika kumi nani mjanja zaidi, Baha au Govi, mpaka akaitwa ndani. Hatukuwahi kuongea tena. Lakini kwa dakika hizo kumi hakuna aliyeuliza mimi ni wa nani.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilibaki na muda mwingi na pesa kidogo, nikaanza kusoma historia ya jiji hili kivyangu. Hapo ndipo niligundua ule mpaka wa kwenye tivii una umri mkubwa kuliko tivii yenyewe.

Mwaka 1899, reli ilipofika Nairobi, mapadre wa Kifaransa wa shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St Austin's upande wa magharibi, wakapanda kahawa. Ardhi hiyo ndiyo baadaye ikawa Lavington. Chini ya ukoloni jiji liligawanywa kwa rangi: Wazungu walichukua magharibi kwenye hewa safi, Wahindi wakawa Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki, karibu na reli na viwanda. Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande kwenye kijaluba cha chuma shingoni, na polisi akimwomba akikose, ni kesi.

Na Kawangware? Haikuwa hata ndani ya jiji. Ilikuwa kwenye hifadhi ya Wakikuyu, upande wa Dagoretti, sawa na Kangemi. Watu walilala huko na kuvuka asubuhi kwenda kupika, kufua na kukata nyasi kwa wenye nyumba kubwa. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa, na mitaa hii ikaingizwa jijini. Kwenye ramani mstari ulifutwa. Kwenye barabara ulibaki palepale, ila sasa anayekuuliza swali ni soja, na sheria imebadilika ikawa bei ya nyumba.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia Machachari ilikuwa kichekesho cha watoto tu. Wale watoto walikuwa wanavuka kila wiki mahali ambapo babu zetu walihitaji karatasi. Kweli, urafiki wa kwenye tivii haukumwongezea mathe hata shilingi. Lakini ulitupa picha ya jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa macho: sisi tukiingia getini kama wageni.

Halafu ikaja Februari 2015. Serikali ilikuwa inahamisha nchi kwenda matangazo ya dijitali, vituo vikubwa vikagoma na kwenda mahakamani, na tarehe 14 mitambo ya analojia ikazimwa. Citizen, NTV, KTN na QTV zikawa giza karibu wiki tatu. Ziliporudi, antena yetu ya waya juu ya bati haikuwa na kazi tena. Luthuli Avenue ilijaa watu wakitafuta king'amuzi, na kwa bei ile ulikuwa unachagua kati ya king'amuzi na kodi. Kwenye ploti yetu ni nyumba moja tu iliyonunua mapema. Mlango wao ulikuwa wazi mwanzoni. Baadaye ukaanza kufungwa, na siwezi kuwalaumu, tulikuwa wengi. Ila hapo ndipo nilipoelewa kwamba geti linaweza kuota hata ndani ya ploti.

Leo Tyler Mbaya ni mtu mzima na watu bado wanamwita Baha. Wanjiku Mburu bado ni Mama Baha. Lavington na Kileleshwa zinaota maghorofa kila mwezi. Na saa kumi na mbili asubuhi Gitanga Road bado imejaa akina mama wanaotembea kwenda kazini ili kuokoa nauli. Wakati wa likizo, wengine wamemshika mtoto mkono, na mtoto ameshaambiwa asisumbue.