Nyumba ya Mbele na Nyumba ya Nyuma: Historia ya Nyumba za Kale za Katikati ya Lubumbashi na Wakaaji Wake

Hakuna mutu wa Lubumbashi asiyezijua zile nyumba za kale za katikati ya muji. Ukitoka gare na kupanda kuelekea Place de la Poste, unaziona kwenye kona za njia: nyumba za etaje moja ao mbili, zenye nguzo chini na barza ndefu ambamo watu wanajificha mvua na jua. Yulu kuna balkoni ya vyuma vilivyokunjwa sawa maua, madirisha marefu, na mapambo ya simenti juu ya mlango. Chini ni magazini, yulu ni vyumba vya kupanga.

Wengi wetu tunapita pale kila siku bila kuinua macho. Siku nyumba moja inazungushwa mabati na kubomolewa, tunasema: «Ile ilikuwa nyumba ya Wazungu, acha ianguke.» Maandiko haya yanataka kujibu lile neno. Na ili kulijibu, inafaa kuuliza maulizo mawili tu: nani aliijenga, na nani alilala ndani yake?

1. Udongo wa kichuguu

Muji wetu ulizaliwa mwaka 1910, ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji: Élisabethville. Aliyeuanzisha ni Emile Wangermée, askari Mubelgiji aliyetawala Katanga wakati ule. Mwaka uleule reli ikafika kutoka kusini kupitia Sakania, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa pembeni ya mto Lubumbashi. Nyumba za kwanza zilikuwa za miti, mabati na tofali mbichi. Mutu aliyekuja kutafuta franga na kurudi kwao hakuona sababu ya kujenga kwa nguvu.

Lakini shaba ilileta utajiri, na kisha vita ya 1914-1918 wafanya biashara walianza kujenga nyumba za kudumu. Katedrale ya Watakatifu Petro na Paulo ni ya mwaka 1920, na sinagogi, iliyochorwa na Raymond Cloquet, ni ya 1930. Katikati ya miaka ile njo nyumba mingi za nguzo na mapambo zilisimama. Kisha shida ya franga iliyoanza 1929 ikasimamisha kazi. Ujenzi uliporudi kwa nguvu kisha vita ya pili, namna ilikuwa imebadilika: tazama teatre ya muji, iliyomalizika 1956 na kuchorwa na kikundi cha Claude Strebelle, ilivyo na mistari ya kunyooka. Maua ya simenti yalikuwa yamepita wakati wake.

Sasa, zile kuta zilitengenezwa na nini? Kila mutu wa Katanga anajua vichuguu vyetu, vingine virefu kupita nyumba. Udongo wa kichuguu unashikana muzuri, hauna majiwe mingi, unafaa kwa kufinyanga. Watu walivibomoa, wakaponda udongo na maji kwa miguu, wakafinyanga tofali, wakazianika, wakazipanga kuwa tanuru na kuzichoma. Mpaka leo tunafanya vile pembeni ya muji. Wenye kazi ile walitoka kila upande: vijiji vya Katanga, Kasai, Maniema, Luapula, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Kwenye karatasi ya plani kuna saini moja tu, ya arshitekti. Kwenye ukuta kuna mikono ya watu mia.

2. Wakaaji wa mbele

Wale waliokaa yulu ya magazini hawakuwa wote Wabelgiji. Kulikuwa Wagiriki, Waitalia, Wareno, na Wayahudi wengi wa kisiwa cha Rhodes. Kwao nyumba na kazi vilikuwa kitu kimoja: chini unauza vitambaa, chumvi na baiskeli, yulu unalala na familia. Ngazi tu inatenganisha mauzo na kitanda.

Tuangalie Wayahudi wa Rhodes. Wazee wao wa kale walifukuzwa Hispania mwaka 1492, lakini walichunga lugha yao, Kihispania cha zamani, zaidi ya miaka mia ine. Yulu walizungumza lugha ile na watoto. Chini, mbele ya mnunuzi, walizungumza Kiswahili chetu. Mwaka 1937 rabi Moïse Levy alifika hapa na kuwaongoza mpaka 1991. Katika Julai 1944, Wajeremani waliokuwa wameshika kisiwa kile walikamata Wayahudi wake, zaidi ya watu 1,600, na kuwapeleka Auschwitz. Waliorudi ni wachache sana. Ndugu zao wa Élisabethville, waliokuja kutafuta maisha kwenye inchi ya shaba, walikuta wamebaki bila baba, bila mama, bila kijiji cha kurudia. Basi, nyuma ya zile balkoni nzuri kulikuwa vilio ambavyo mupita-njia hakuvisikia. Hata wakaaji wa mbele wana historia kubwa kuliko neno «Wazungu».

3. Wakaaji wa nyuma

Mimi ni mwalimu wa historia. Nikiomba wanafunzi wachore nyumba ya kale ya muji, wote wanachora uso wa mbele: nguzo, barza, balkoni. Hakuna hata mumoja anayechora boyeri.

Na hata hivyo hakuna nyumba ile iliyojengwa bila boyeri: vyumba vidogo vilivyopangwa mustari mumoja nyuma ya parsele, karibu na kisima ao robine, mara mingi bila dirisha la kweli. Sababu yake ni sheria ya wakati ule. Kuanzia karibu 1921, watu weusi walitolewa katikati ya muji wakapelekwa Cité Albert, ile tunayoita leo Kamalondo. Kati ya miji miwili iliachwa «zone neutre», pori la mamia ya mita ambamo hakuna mutu wa kujenga. Usiku mutu mweusi hakuruhusiwa kutembea mu muji wa Wazungu bila karatasi ya bwana wake.

Lakini Mzungu alitaka kahawa yake asubuhi mapema. Alitaka nani awashe moto, afue mashuka, apige pasi, achunge mlango usiku. Kwa hiyo sheria iliyomufukuza mutu mweusi ilimuachia tundu moja: boyeri. Boyi, mupishi, mfuaji na zamu, karibu wote wanaume wakati ule, walilala mita ishirini nyuma ya bwana. Walitenganishwa na pori kwa sheria, na kuunganishwa na ukuta mumoja kwa kazi.

Fikiri kidogo nini mutu wa boyeri alijua. Alijua nani anakunywa, nani ana deni, nani analia kisha kusoma barua. Alijua bei ya kila sahani iliyovunjika, sababu ilikatwa kwenye mshahara wake. Alijifunza lugha ya nyumba ya mbele. Wakaaji wa mbele walijifunza kwake Kiswahili cha amri tu. Njo namna Kiswahili chetu kilikomaa: kwenye camp za Union Minière, kwenye soko, na vilevile kwenye majikoni ya nyumba hizi.

Tena watu hao hawakunyamaza. Mwaka 1965, André Yav, kwa jina la waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa Élisabethville, alitoa kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashini, chenye kichwa cha Kifaransa, «Vocabulaire», lakini ndani ni Kiswahili cha muji. Kinaeleza mwanzo wa muji, majina ambayo watu weusi waliwapa Wazungu, mishahara, na taabu za kazi ya boyi. Johannes Fabian, mutaalamu wa mila na lugha, alikitangaza tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Basi, historia hii ya muji huu iliyoandikwa kwa Kiswahili na watu wake wenyewe ilitoka boyeri, haikutoka balkoni.

4. Funguo zinabadilisha mikono

Katika Julai 1960, Wazungu wengi walikimbia kwa motokari kuelekea Rhodesia. Tarehe 11 mwezi ule Tshombe akatangaza Katanga kuwa inchi peke yake. Wengi walirudi, lakini amani haikurudi. Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga walipigana katikati ya muji, posta yenyewe ikawa uwanja wa vita, na Desemba ikawa vile tena. Secession ilipomalizika Januari 1963, ukuta wa kale kati ya miji miwili ulikuwa umeanguka: wakubwa wa Leta na makarani walikuwa wameanza kukaa yulu ya barza, wakipanda ngazi ileile baba zao waliyokuwa wanaipangusa.

Mwaka 1966 muji ukaitwa Lubumbashi. Tarehe 20 Julai 1973 sheria ikasema udongo wote ni wa Leta. Tarehe 30 Novemba mwaka uleule, Mobutu akatangaza zairianisation. Magazini ya Wagiriki, Wareno na wengine yakapewa wale walioitwa «acquéreurs». Wengi waliuza vitu vilivyokuwa ndani bila kununua vingine. Miaka michache baadaye Leta ikaanza kurudisha biashara kwa wenyewe, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuenda kabisa.

Kisha Gécamines ikaanguka. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufika 1994 haikufika hata 50,000. Pillage ya 1991 ilivunja magazini, na kufukuzwa kwa Wakasai mu 1992-1993 kulitoa majirani kwenye nyumba na kuacha vidonda. Chumba kimoja cha yulu kikagawanywa kwa ukuta wa mbao kikawa viwili. Na boyeri? Ikapata jina jipya, «annexe», ikapangishwa. Mwalimu, muuguzi, mwanafunzi wa université, hata mwenye parsele mwenyewe aliyepangisha nyumba ya mbele ili ale: wote walilala pale boyi alilala.

5. Kwa nini tuzichunge

Tangu sheria ya migodi ya 2002, franga zimerudi mu muji, na bei ya parsele za katikati imepanda. Mwenye kununua anataka depo ao jengo la vioo. Mara mingi boyeri njo ya kwanza kuvunjwa, sababu inaonekana haina uzuri. Hata mwenye kutaka kuchunga «patrimoine» anachunga uso wa mbele, anaupaka rangi, na kuacha nyuma ipigwe nyundo. Vile tunabakiza kumbukumbu ya bwana na kufuta ya baba zetu.

Kwa hiyo, kwa yule anayesema «acha ianguke, ni ya Wazungu», jibu liko hili. Karatasi ilikuwa yao. Udongo ni wa vichuguu vyetu, tofali ni za mikono yetu, na kwa miaka karibu mia moja hakuna usiku ambao mutu wetu hakulala ndani ya ile parsele.

Ninaomba kitu kimoja kwa kila msomaji. Kama mu familia yako kuna muzee aliyekuwa boyi, mupishi ao zamu, ao mutoto aliyezaliwa mu boyeri, umuulize leo: njia gani, kona gani, chumba cha ngapi kutoka robine. Andika jina lake na miaka yake kwenye karatasi, kwa Kiswahili tu, sawa wazee walivyofanya 1965. Ukuta ukianguka, karatasi itabaki. Na kama ukuta utasimama, basi siku moja tutaweka kibao mbili: kimoja mbele, kimoja nyuma.