Mwalimu Mwanafunzi na Elimu kwa Vitendo katika Shule za Msingi za Tanzania

Historia ya kujifunza kwa vitendo, yaani utaratibu unaomtaka mtoto apime, ahesabu, apande au atengeneze kitu kwa mikono yake ili alielewe somo, haiwezi kuelezwa kikamilifu nchini Tanzania bila kumtazama mwalimu mwanafunzi, ambaye alitakiwa kuigeuza sera kuwa kipindi cha darasani ilhali yeye mwenyewe bado alikuwa anajifunza kazi.

Wazo hilo lilitangulia uhuru. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyochunguza elimu ya Waafrika, ilizuru Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa sera uliotaka elimu ya Waafrika ilingane na mazingira yao. Bustani za shule na kazi za ufundi zilipewa nafasi, lakini wazazi wengi walizitilia shaka, kwa kuwa waliona wazi kwamba vyeo na mishahara ya wakati ule vilipatikana kwa kalamu, wala si kwa jembe.

Mwezi Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alilipa wazo hilo msingi mpya katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, ambamo alieleza kwamba elimu ya msingi inapaswa kujitosheleza badala ya kuwa maandalizi ya sekondari, kwamba kila shule iwe na shamba au karakana, na kwamba wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Utekelezaji wake, hata hivyo, mara nyingi uliishia nusu: shamba lililimwa, lakini kilichofanyika shambani hakikurudishwa darasani, na mavuno yakahesabiwa kuliko maarifa.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU, ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha UPE, ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989. Kwa kuwa vyuo vya ualimu havingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo, vijana waliomaliza darasa la saba waliteuliwa kufundisha katika shule za vijijini huku wakisomea ualimu kwa takribani miaka mitatu: walifundisha kwa sehemu ya siku, wakasimamiwa na wakufunzi, wakapata masomo kwa njia ya posta na redio, kisha wakamalizia kwa wiki sita chuoni. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Baadaye jina la "mwalimu wa UPE" lilitumiwa kama dharau, jambo lisilo la haki, kwa maana bila vijana hao madarasa mengi ya vijijini yasingefunguliwa kabisa.

Mwalimu huyo alifundishwa kazi kwa kuifanya, lakini pale ambapo msimamizi alikuwa mbali na darasa limejaa, alirudia kile alichokiona alipokuwa mwanafunzi, yaani kunakili ubaoni na kuitikia kwa pamoja. Kutenda pekee hakutoshi, kwa sababu kunahitaji mtu wa kuuliza swali linalofaa. Chukua mfano wa darasa la tano linalopima kiwanja cha mita 15 kwa 9, ambapo mistari ya mahindi inaachana kwa sentimita 75. Daftarini watoto hugawanya mita 15 kwa sentimita 75 na kupata 20, lakini wakishanyoosha kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine huhesabu mistari 21. Mwalimu asiyejiandaa atawaambia wamekosea kuhesabu, ilhali aliyejiandaa atawauliza kama hiyo 20 ni idadi ya mistari au ya nafasi zilizo kati yake. Hapo ndipo kilimo hugeuka kuwa hisabati, na jibu hilo mtoto hulipata ardhini, kwa macho yake mwenyewe.

Mitaala iliyofuata imeendelea kudai jambo lilelile kwa istilahi mpya, hasa tangu miaka ya 2000, ulipoingia mtaala unaojali umahiri, yaani uwezo wa mwanafunzi kutumia alichojifunza. Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo huandaa azimio la kazi, ambalo ni mpangilio wa mada za muhula, na andalio la somo la kila kipindi, kisha hukusanya zana kama vizibo vya soda, vijiti na mbegu. Zana hizo ni rahisi kupatikana; adimu ni mwalimu mwenyeji anayekaa nyuma ya darasa, akasikiliza maswali ya mgeni wake, na baada ya kipindi akayajadili naye. Nusu karne ya majaribio inaonesha kwamba sera za vitendo zilidhoofika kila ilipokosekana saa hiyo ya usimamizi, kwa hiyo taifa linalotaka watoto wajifunze kwa kutenda halina budi kumlea kwanza mwalimu wao kwa njia hiyohiyo, tena kwa subira na kwa ukaribu.