Kamba ya shingoni haikubebi

Wadau, mara ya kwanza kuona watu wakipanda miti mirefu kwa kamba, niliona wengine wana ugwe shingoni. Nikadhani ndio unaowashikilia. Kumbe sivyo!

Mwaka 1931 Karl Prusik wa Austria alieleza fundo linalobana kamba likibeba uzito na kusogea likilegezwa. Mwaka 1958 Waswisi wawili, Jüsi na Marti, wakatoa chuma cha kazi hiyohiyo, Jumar, jina lililotokana na majina yao. Jüsi alikuwa akichunguza tai, hivyo kupanda kamba ilikuwa lazima. Wachunguzi wa mapango wakaweka chuma cha aina hiyo kifuani, na wapanda miti wakaiga.

Tatizo likazuka: ukisimama, lazima kitu kiinue chuma pamoja nawe. Ndiyo kazi ya ugwe wa shingoni, basi. Uzito wako unabebwa na mkanda wa kiunoni na mapajani. Ukiuegemea ugwe, utanyongwa.

Kwa kazi ya kutwa ningechagua mkanda wa kifuani, kwa kuwa mvuto unaenda mabegani. Lakini nao usiuning'inie peke yake, utakubana pumzi. Ukipenda ugwe, chagua unaoachia ukinasa tawini. Shingo ni moja, jamani.