Raia wa Kigeni Wanaohamia Tanga: Kibali cha Ukaazi na Masharti ya Ardhi

Gharama nafuu za maisha na utulivu wa mwambao huwavutia raia wa kigeni kuhamia Tanga na Pangani. Hata hivyo, viza ya matembezi, ambayo haizidi siku 90, haimpi mgeni haki ya ukaazi wala ya kufanya kazi. Idara ya Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi Daraja A kwa wawekezaji, Daraja B kwa waajiriwa, ambao huhitaji pia kibali cha Kamishna wa Kazi, na Daraja C kwa makundi mengine, wakiwemo wastaafu.

Suala linalohitaji uangalifu zaidi ni ardhi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hakiruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi Tanzania Bara isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji. Zanzibar ina sheria zake. Kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia nayo huhesabiwa si raia. Kwa hiyo, makubaliano ya pembeni ya kuandikisha kwa jina la mwenyeji kiwanja kilicholipiwa na mgeni hayamfanyi mgeni huyo kuwa mmiliki. Mgogoro ukizuka, jina linaloangaliwa ni lile lililo kwenye hati. Kwa wengi, nyumba ya kupanga yatosha, mradi mkataba uwe wa maandishi.