Ufunguo wa Kabati

Shule yangu ya msingi ilikuwa na kabati la vitabu katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Mlango wake ulikuwa wa kioo, hivyo ukiitwa kuadhibiwa ungeweza kusoma majina ya vitabu ukiwa umepiga magoti. Majina hayo niliyasoma sana. Vitabu vyenyewe sikuvifikia. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mmoja ambaye, ukimwomba kitabu, alikuuliza, "Ukikipoteza, mzazi wako atalipa?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa miaka mingi nilidhani ni shule yetu tu. Kumbe hiyo stori ya kufuli ni ndefu, na ukiifuata unapata sehemu kubwa ya historia ya kusoma katika shule za Kenya.

Tuanze 1948. Mwaka huo ilianzishwa East African Literature Bureau, ofisi ya serikali za kikoloni ya kuchapisha vitabu kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za eneo hili. Pamoja na kuchapisha, ilisambaza masanduku ya vitabu. Sanduku lilifika mahali, watu wakaazima na kusoma, kisha likarudishwa na jingine likaja. Mkoloni ndiye aliyeamua cha kuingia humo, hilo tusilisahau. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sawa: kitabu kinatembea kumfuata msomaji.

Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya 1965 iliyounda huduma ya maktaba ya taifa. Ndiyo huduma iliyokuja kupakia vitabu juu ya ngamia 1996 na kuvipeleka kwa wafugaji wa Garissa. Huko tena, kitabu kilitembea.

Shuleni mambo yalienda njia nyingine. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kilikuwa cha lazima na kikatahiniwa kwenye KCPE. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na wengi wetu tunaandika lugha hii kwa sababu yake. Lakini kusoma kukageuka kazi ya mtihani. Si unakumbuka ufahamu? Kifungu kimoja, maswali, majibu A hadi D, chagua, songa mbele. Kitabu cha hadithi ambacho hakingekuja kwenye mtihani kilionekana kama uvivu. Wengine tulichapwa tukikutwa nacho chini ya dawati.

Kisha ikaja Januari 2003 na elimu ya msingi bila malipo. Wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Serikali ilituma pesa za vitabu, lakini pamoja na pesa ilikuja hesabu ya kutoa. Mwalimu mkuu alitakiwa kuonyesha vitabu viko wapi, na njia rahisi ya kuonyesha kitabu kipo ni kukifungia. Kwa hiyo nisimlaumu sana yule mwalimu wangu. Aliulizwa kuhusu vitabu vilivyopotea. Sidhani kuna siku aliulizwa vingapi vimesomwa.

Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret akavaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Alisema anataka kujisomea Biblia mwenyewe. Picha yake ilizunguka dunia na watu wakatabasamu. Mimi naona alikuwa ameelewa jambo ambalo shule zetu zilikuwa zimelisahau: mtu husoma kwa sababu kuna kitu anataka kujua bila kuambiwa na mwingine.

Wakati huo watoto wengi waliokaa madarasani hawakuwa wakisoma. Ripoti za mwanzo za Uwezo zilipotoka, nchi ilishtuka: ni kama watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliomudu kazi ya darasa la pili. Shule zilijaa, kusoma hakukuwepo.

Jibu kubwa lilikuja 2015 kwa jina la Tusome. Wizara ya Elimu, kwa ufadhili wa Marekani, iliingia katika shule za umma nchi nzima. Kila mtoto alipewa kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo wa kila somo, na maafisa wakatembelea madarasa na tableti kumsikiliza mtoto akisoma. Usomaji ulipanda. Hapakuwa na muujiza. Kitabu kilitoka kabatini kikaingia mkononi, na mtu akaja kuuliza kama kimesomwa.

Lakini Tusome ililenga darasa la kwanza hadi la tatu. Ukishavuka hapo, je? Mtoto aliyejua kuunganisha silabi alipanda akakutana na mtihani na kabati lilelile. Ndiyo maana naamini hatua iliyobaki ni ya shule nzima, si ya darasa moja wala ya mwalimu wa lugha peke yake.

Mwaka jana nilialikwa shule moja ya umma Eastlands. Kabati lao halina mlango, waliung'oa. Baada ya chakula cha mchana kengele ililia na kila mtu akashika kitu cha kusoma kwa dakika ishirini. Wa darasa la saba walikaa na wa darasa la kwanza, wakisoma kwa zamu. Mpishi alikuwa na gazeti. Hakuna aliyeuliza maswali mwishoni.

Nilimuuliza mwalimu mkuu vinapotea vingapi. Akasema kila muhula kuna vinavyopotea na vinavyoraruka, na wazazi wameshakubaliana kuchangia vingine. Halafu akaniomba radhi. Alikuwa amebakisha kurasa chache na dakika zilikuwa zinaisha.