Kukata rufaa

Asili ya neno "rufaa" ni Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kuinua. Shauri huinuliwa kutoka ngazi ya chini kwenda ya juu, na hospitali ya rufaa hupokea mgonjwa kwa mantiki hiyohiyo. Watanzania wana pia "rufani", ndiyo maana wana Mahakama ya Rufani, ilhali Kenya husema Mahakama ya Rufaa.

Lakini tazama vitenzi. Mgonjwa hupewa rufaa na daktari. Mdai haki huikata mwenyewe. Asipoikata, hakuna atakayemwinulia shauri lake.

Hilo huwaelemea zaidi wahamiaji. Nchini Uingereza, aliyeshindwa kesi ya uhamiaji katika baraza la ngazi ya kwanza hawezi kwenda moja kwa moja Baraza la Juu. Huomba kwanza ruhusa kwa baraza lilelile lililoamua dhidi yake, ndani ya siku 14 tangu apewe sababu za hukumu kwa maandishi, au siku 28 akiwa nje ya nchi. Akinyimwa, hurudia ombi kwa Baraza la Juu lenyewe.

Wala haitoshi kusema "nimeonewa". Lazima aonyeshe kosa la kisheria: mathalani, hakimu alipuuza ushahidi muhimu au hakutoa sababu za kutosha. Kwa hiyo kinachoinuliwa hasa ni kasoro ya hukumu. Masaibu ya mwombaji hayasikilizwi upya mpaka kasoro hiyo ithibitike.